Tuondoe Ukoga Kabla Haujawa Jiwe

Katika darasa moja la kisomo karibu na Nyakanazi, wilayani Biharamulo, mkulima mmoja hakuonekana kwa siku nne. Yeye si mtu wa kukosa darasa. Tukamfuata nyumbani. Tulimkuta amekaa barazani, kanga ya mkewe ameifunga kuzunguka kichwa, shavu la kushoto limevimba. Ugali alikuwa hawezi kuula. Hata uji aliunywa kwa taabu.

Tulimwuliza kama amekwenda zahanati. Akajibu kwa shida, "Mwalimu, ni jino tu. Mdudu ameingia. Nimeshapata dawa ya kumfukiza."

Tulipotazama vizuri tuliona uvimbe haukuishia shavuni. Ulikuwa umeshuka chini ya taya mpaka shingoni, na sakafu ya mdomo imeinuka, ulimi umesukumwa juu. Hapo tukaogopa. Jioni ile ile alipakiwa kwenye pikipiki, katikati ya dereva na kaka yake, mpaka hospitali. Alilazwa, akachomwa sindano, uvimbe ukapasuliwa, usaha ukatoka, na jino likang'olewa. Alipona. Lakini mganga alituambia wazi kwamba kama angekaa siku moja au mbili zaidi, uvimbe ungeziba njia ya pumzi.

Jino tu! Neno hilo tunalisikia mara nyingi, Ngara na Biharamulo, na sisi wenyewe tumewahi kulisema. Basi leo tuangalie maradhi ya namna hii huanzia wapi. Hayaanzi na mdudu anayeingia kutoka nje. Huanza na kitu ambacho kila mtu anacho kinywani sasa hivi anaposoma gazeti hili. Kitu hicho ni ukoga.

UKOGA NI NINI?

Asubuhi kabla hujasukutua, pitisha ulimi juu ya meno yako. Utasikia utelezi. Kwaruza jino kidogo kwa ukucha. Utapata kitu laini, cheupe au cha manjano. Huo ndio ukoga.

Watu wengi hudhani ukoga ni mabaki ya chakula cha jana. Sivyo. Mabaki ya chakula huondoka ukisukutua kwa maji. Ukoga hauondoki kwa maji, kwa sababu uko hai. Ni vijidudu vingi sana vilivyoshikamana na jino na kujitengenezea utando wa kunata. Wataalamu wamekwisha kuhesabu zaidi ya aina 700 za vijidudu katika vinywa vya watu. Vingine havina ubaya. Vingine ndivyo hivi tunavyovizungumza.

Mtu wa kwanza kuviona vijidudu hivyo alikuwa muuza vitambaa wa mji wa Delft, nchi ya Uholanzi, jina lake Antonie van Leeuwenhoek. Hakuwa daktari. Alikuwa fundi wa kutengeneza vioo vidogo vya kukuzia vitu. Mwaka 1683 alikwaruza ukoga kwenye meno yake mwenyewe, akautazama kwa kioo chake. Kumbe ndani yake mlikuwa na viumbe wadogo wanaotembea! Aliandika barua kupeleka habari hizo kwa wataalamu wa London.

Kwa hiyo wazee wetu waliosema jino lina mdudu hawakukosea kabisa. Viumbe wamo. Ila si funza wala mnyoo, na hawaonekani kwa macho. Kile anachokuonyesha mfukizaji baada ya moshi hakikutoka katika jino lako. Na moshi hauwezi kuufikia usaha ulioko chini ya mzizi.

SUKARI INAVYOLIOZESHA JINO

Vijidudu vya ukoga hula tunachokula sisi, na vinavyokipenda kuliko vyote ni sukari. Vikishakula hutoa tindikali. Tindikali hiyo huyeyusha madini ya jino kidogo kidogo, kama kutu inavyokula jembe lililoachwa nje wakati wa masika. Kwanza huonekana doa jeupe. Halafu tundu. Halafu tundu hufika kwenye kiini chenye mishipa, na hapo ndipo mtu huanza kulia usiku.

Ukishakula kitu kitamu, tindikali huendelea kufanya kazi kwa nusu saa hivi au zaidi. Kisha mate huisafisha, na jino hupata nafasi ya kujitengeneza. Sasa fikiria mtu anayekunywa chai ya sukari saa moja asubuhi, anatafuna muwa saa tatu, soda saa sita pale stendi, peremende saa tisa, na chai tena jioni. Meno yake hayapumziki. Kuliko kugawa sukari hiyo mara tano, ni afadhali kula kitu kitamu pamoja na mlo, mara moja, basi. Na soda moja ya chupa ina sukari kiasi cha vijiko saba au vinane vidogo vya chai. Nani kati yetu angeweka vijiko vinane kwenye kikombe kimoja?

Lakini msidhani maradhi haya yaliletwa na soda. Mwaka 1921, katika mgodi wa Kabwe, nchi jirani ya Zambia, wachimbaji walikuta fuvu la mtu wa kale sana. Mengi ya meno yake ya juu yalikuwa yameoza. Huyo hakuwahi kuona duka. Sukari imeongeza tu moto uliokuwapo.

FIZI ZINAZOTOA DAMU

Ubaya wa pili wa ukoga ni kwenye fizi, na huo kwa maoni yetu ni mbaya zaidi kwa watu wazima, kwa kuwa hauumi. Jino lililotoboka hupiga kelele. Fizi hunyamaza.

Mwaka 1965 walimu wa udaktari wa meno wa mji wa Aarhus, nchi ya Denmark, walifanya jaribio. Watu 12 wenye fizi nzima walikubali kuacha kabisa kusafisha meno. Katika muda wa siku 10 mpaka 21 wote walikuwa na fizi nyekundu, zilizovimba, zinazotoa damu. Hawakubadilishiwa chakula, wala hawakuambukizwa na mtu. Ni ukoga tu ulioachwa. Walipoanza tena kusafisha, fizi zao zilipona kwa muda wa wiki moja hivi.

Jaribio hilo linatufundisha jambo ambalo tunaliona likifanywa kinyume vijijini. Mtu akipiga mswaki na kuona damu, huacha kupiga mswaki. "Mswaki unaniumiza," anasema. Kumbe damu inatoka kwa sababu ukoga umekaa pale. Ukiacha, ukoga unaongezeka na damu inaongezeka. Endelea kusafisha, polepole, kwa mswaki laini, hasa mahali panapotoa damu. Ikipita wiki mbili na damu haijakoma, nenda ukamwone mtaalamu wa meno.

Mvutaji wa sigara ajihadhari kwa namna nyingine. Tumbaku hupunguza damu kwenye fizi. Fizi zake zinaweza kuwa zinaharibika na asione hata tone.

Ukoga usipoondolewa, madini yaliyomo katika mate huugandisha. Kazi hiyo huanza katika siku chache tu. Ukoga laini hugeuka kuwa ugaga, mgumu kama jiwe, kama lile tabaka jeupe linaloganda ndani ya birika. Jitazameni kwenye kioo nyuma ya meno ya mbele ya chini, mahali mate yanapotokea. Ugaga hupenda kukaa hapo. Mswaki hauwezi kuuondoa. Kisu, wembe na msumari pia visitumike, maana vitachana fizi na kukwaruza jino. Ugaga huondolewa na mtaalamu wa meno kwa vyombo vyake.

Ugaga ukishuka chini ya fizi, mfupa unaoshika jino huanza kuliwa. Fizi hurudi nyuma, meno huonekana marefu, pumzi hunuka, kisha jino zima lisilo na tundu hata moja hutikisika na kutoka. Wengi husema huo ni uzee. Uzee peke yake haung'oi meno.

Hapa tuseme neno moja la kuwatetea ndugu zetu waliozaliwa Arusha, Kilimanjaro au Singida. Baadhi yao wana meno ya rangi ya kahawia. Huo si ukoga wala uchafu. Maji ya sehemu nyingi za huko yana madini mengi mno ya floridi, na mtoto akiyanywa wakati meno yake yanaumbika, meno hutoka na madoa. Wasichekwe.

MAGONJWA MENGINE MWILINI

Kinywa si kisiwa. Fizi zinazotoa damu ni kidonda kilicho wazi, na vijidudu hupita hapo kuingia katika damu. Mtu mwenye moyo mzima kwa kawaida huvishinda. Lakini mtu ambaye vali za moyo wake zimeharibika, kwa mfano baada ya homa ya baridi yabisi utotoni, vijidudu hivyo vinaweza kukaa pale na kumletea ugonjwa wa hatari. Kama umeambiwa una vali mbovu, mwambie mtaalamu wa meno kabla hajagusa jino.

Mwenye kisukari naye fizi zake huharibika upesi, na fizi mbovu hufanya sukari iwe ngumu kudhibiti. Kila ugonjwa humsukuma mwenzake. Kuhusu magonjwa ya moyo ya kawaida, wataalamu wameona kwamba watu wenye fizi mbovu huyapata zaidi, ingawa bado hawajathibitisha kwamba fizi ndizo chanzo. Mama mjamzito fizi zake huvimba kwa urahisi. Eti kila mimba lazima iondoke na jino! Siyo kweli. Asafishe meno kama kawaida, na aseme kliniki kama yanamsumbua.

Na ule uvimbe wa chini ya taya tuliouanza nao, usisubiri asubuhi. Mtu akivimba shingo, akashindwa kumeza mate, kufungua kinywa au kupumua vizuri, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Asikandwe. Asitobolewe nyumbani.

TUSAFISHE NAMNA GANI?

Wazee wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu karibu milioni 2 nchini walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio, kisha wakatoka kuchimba vyoo. Kazi ile ilikuwa ya kijiji kizima. Kazi ya kinywa ni ya kila mtu peke yake, tena kila siku, na labda ndiyo maana ni ngumu zaidi kuliko choo.

Safisha mara mbili kwa siku. Kama huna budi kuchagua, chagua usiku kabla ya kulala. Usingizini mate hupungua, na ukoga hubaki peke yake na jino usiku kucha. Piga mswaki kwa dakika mbili. Mswaki uelekee mahali jino linapokutana na fizi, maana ukoga hujificha hapo. Zungusha taratibu, nje, ndani na juu ya magego. Usisugue kama unasugua sufuria lenye masizi.

Tumia dawa ya meno yenye floridi. Floridi kidogo hulipa jino nguvu, ingawa nyingi mno huleta yale madoa. Shirika la Afya Duniani liliiweka dawa ya meno ya namna hiyo katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Si lazima iwe nyingi. Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu, weka kiasi cha punje ya mchele. Kwa mkubwa zaidi, kiasi cha punje ya njegere. Ukimaliza, tema, na usisukutue kwa maji mengi, ili dawa ibaki kwenye meno. Mtoto aanze kusafishwa mara jino la kwanza linapotoka, kwenye miezi sita hivi, na asilale na chupa ya uji wa sukari mdomoni.

Mtasema, fedha ya dawa iko wapi? Ni kweli. Basi mswaki wa mti unafaa. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuutambua mwaka 1987. Chukua kijiti kibichi chenye unene wa kidole kidogo, kata urefu wa shubiri moja, menya gome kwenye ncha, tafuna mpaka itoke nyuzi laini. Safisha jino moja moja, nje na ndani. Kesho kata ncha ya zamani, tafuna mpya. Lakini chagua mti ambao wazee wa kijiji wamekuwa wakiutumia miaka mingi bila kudhurika. Usikate ovyo kwenye ua. Utomvu wa minyaa huunguza kinywa na kupofua macho.

Mchanga na majivu tuviache, maana hulika jino pamoja na ukoga. Na ule mtindo wa mswaki mmoja kwa nyumba nzima ukome. Fizi hutoa damu, na homa ya ini hupita kwenye damu. Hata mtu anayeng'oa meno gulioni kwa koleo ambalo halikuchemshwa, msimpe kinywa chenu, hata kama bei yake ni ndogo.

NA MBWA JE?

Yule mkulima wetu aliporudi darasani alikuwa na swali. "Mwalimu," alisema, "mbwa wangu Simba naye ananuka kinywa. Siku hizi anaacha mfupa, anachukua ugali tu. Na yeye ana ukoga?"

Wenzake walicheka. Hatukucheka. Kando ya mapori ya Biharamulo mbwa ndiye mlinzi wa mahindi, ananyima nyani na ngedere usingizi. Mbwa asiyeweza kuuma ni hasara.

Ndiyo, mbwa na paka hupata ukoga kama sisi. Mbwa mzima ana meno 42, sisi tuna 32. Mate yake hayana uchachu kama yetu. Kwa hiyo meno yake hayatoboki kwa urahisi, lakini ukoga wake hugeuka jiwe upesi zaidi. Madaktari wa mifugo wanasema mbwa wengi waliofikisha miaka mitatu huwa tayari na dalili za ugonjwa wa fizi. Magego hufunikwa na gamba la kahawia, fizi huwa nyekundu, kinywa kinanuka, na mbwa hutafuna upande mmoja. Usaha wa gego la juu unaweza hata kutokea chini ya jicho, ukadhani amepigwa jiwe.

Ng'ombe na mbuzi shida yao ni nyingine. Hao meno huisha kwa kusaga majani, na ndiyo maana mfugaji huangalia meno akitaka kujua umri.

Mbwa mdogo anaweza kuzoeshwa. Funga kitambaa safi chenye maji kwenye kidole, umpanguse meno kila siku, au hata mara chache kwa wiki. Usimpake dawa ya meno ya watu, kwa sababu yeye hatemi, anameza, na nyingine zina utamu ambao ni sumu kwake. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama vijiti na kumchoma tumboni. Fupa gumu la ng'ombe linaweza kuvunja jino. Ugaga wa mbwa huondolewa na daktari wa mifugo baada ya kumlaza kwa dawa ya usingizi. Nyumbani mtu asijaribu.

Sasa tusikilizane vizuri. Mbwa anayetokwa udenda, anayeshindwa kumeza, au aliyebadilika tabia, usimfungue kinywa kutafuta jino bovu. Huenda ni kichaa cha mbwa. Watu wameambukizwa kwa kudhani mbwa amekwamwa na mfupa. Mfungie mahali bila kumgusa, umwite afisa mifugo. Kama amekuuma, au mate yake yamegusa kidonda chako, osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali kupata chanjo siku hiyo hiyo. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Mbwa wachanjwe kila mwaka. Tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia ya kupambana na kichaa cha mbwa, basi ulizeni mapema kama chanjo itafika kijijini kwenu.

Simba alikuwa na chanjo yake, na tabia haikubadilika. Afisa mifugo alipomtazama, mwenyewe akiwa amemshika, alikuta magego mawili yanatikisika katika gamba la ugaga. Yaling'olewa wiki iliyofuata. Sasa ugali wake hulainishwa kwa mchuzi wa dagaa usio na chumvi nyingi, na mwenyewe anatuambia kwamba usiku amerudi kubweka shambani.